Mwamuzi wa Jaruba Namba Saba

Saa sita na nusu mchana hakuna kivuli popote katika mashamba haya ya chumvi nje ya mji wa Lindi. Bi Kazija Tawakali anatembea pekupeku juu ya weupe mtupu, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiota jana. Hatua tatu, anasimama. Anabonyeza ardhi kwa kisigino. Hatua mbili nyingine, anasimama tena.

"Hili bado," anasema bila kumtazama mtu. "Keshokutwa."

Nyuma yake wanawake wanane wameegemea mbao zao za kukwangulia. Hakuna anayebisha. Jaruba, kitalu cha kukaushia maji ya bahari, likikwanguliwa kabla ya siku yake, chumvi hutoka na tope. Likicheleweshwa, hugeuka sakafu. Ofisini kuna kipimo cha kioo kilicholetwa kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya kazi hiyo, kimelala ndani ya boksi lake. Kisigino cha Bi Kazija ndicho kinachotumika.

Mbele, upande wa mikoko, mazigazi yamekwisha kuamka. Ardhi inaonekana maji, maji yanaonekana mbingu, na mtu anayekuja kutoka huko huja nusu: kichwa na kifua vikielea, miguu hakuna. Ukikaa hapa saa moja unaanza kusahau umetoka wapi. Ukikaa miaka ishirini na moja, kama alivyokaa mama huyu, unajifunza kutoyaamini sana macho yako.

Ni kutoyaamini macho huko kulikomponza mwezi uliopita, mbele ya watu mia mbili, katika mchezo ambao wengi wetu hatujui hata unavyochezwa.

Bi Kazija ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa Kikole, wilayani Kilwa, kwenye mtama na ufuta, na alikuja Lindi akiwa msichana kumfuata shangazi yake. Hapo akaolewa na Suleiman, aliyekuwa akiendesha mashine katika kiwanda cha korosho mpaka siku milango ilipofungwa. Siku hizi Suleiman anatengeneza baiskeli mtaani kwao Rasbura, chini ya bati moja lenye matundu.

"Nilianza chumvi mwaka sabini na nane," anasema. "Siku ya kwanza nililia. Macho yaliuma, nikadhani nimepofuka. Bibi mmoja akaniambia, usiitazame, isikilize na miguu. Nikamwona mwehu."

Wakati huo mashamba haya yalikuwa ya ushirika. Kila mfanyakazi alikuwa na jaruba lake na vigingi vyake vinne pembeni. Kulikuwa na buti za mpira. Kulikuwa na uji saa nne. Isidhaniwe kwamba ilikuwa pepo. Ushirika ulikuwa na wezi wake, na tunawakumbuka kwa majina. Lakini mwizi wa ushirika uliweza kumsimamisha mkutanoni ukamuuliza.

Mwaka 1996 wafanyakazi walifika kazini asubuhi moja wakakuta ghala lina kufuli jipya. Hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyeaga. Waliambiwa hilo ndilo soko huria. Soko likawa huru, wao wakabaki wanatazama kufuli.

Tangu siku hiyo hakuna mwenye jaruba. Kila asubuhi saa kumi na mbili msimamizi wa kampuni, Bwana Cletus, husimama kwenye ngazi ya ghala na daftari, anasoma majina. Aliyesomwa anaingia, ambaye hakusomwa anarudi nyumbani. Malipo ni shilingi mia kwa gunia, na mwanamke mwenye nguvu hujaza saba kwa siku. Mvua zikianza, hakuna malipo. Chumvi hiyohiyo ikivuka geti inauzwa elfu moja na mia nane.

"Unasimama pale unasubiri jina lako kama mtoto wa darasa la kwanza," anasema Mama Stephano, ambaye jina lake ni Restuta, mzaliwa wa Newala, rafiki wa Bi Kazija tangu enzi za ushirika. "Na mimi nina wajukuu!"

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe.

Mwaka 1995 alikuja Lindi mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, Mwalimu Hayashi, kufundisha hesabu. Alikuwa mwembamba, mpole, akisalimia hata mbuzi. Sandukuni alikuwa na magongo mawili, glavu tano na mipira iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Watoto wa Rasbura walikuwa na rede yao, ile ya kukwepa mpira, akawaonyesha besiboli.

Kwa asiyeujua, mchezo ni huu. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo kisha anakimbia. Anazunguka vituo vitatu, kimoja baada ya kingine, mpaka arudi alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Akifika, pointi moja. Kituo kimoja akikiruka bila kukikanyaga, wapinzani wakimshtaki kwa mwamuzi, ametolewa. Mengine utayazoea ukitazama.

Uwanja ulikuwa shida. Kisha zikaja zile mvua za El Nino, zikavunja kingo za jaruba namba saba, na kampuni ikaona kulikarabati ni hasara. Likakauka, likabaki bapa na jeupe kama shuka iliyotandikwa. Watoto wakalichukua. Chokaa isingeonekana hapo, kwa hiyo mistari ilichorwa kwa mkaa uliotwangwa. Ukiutazama uwanja ule kutoka barabarani ungedhani mtu ameandika herufi moja kubwa kwa ajili ya ndege wausome.

Mwalimu Hayashi aliagiza vituo viwe viroba vilivyojazwa mchanga. Mchanga uko ufukweni, mwendo wa nusu saa. Chumvi chafu iko chini ya miguu. Watoto wakajaza chumvi. Mtu wa bara angeweza kuona ni akili. Mtu wa chumvi alipaswa kujua, na hata wazazi wao, wanaoshinda humo, hawakusema kitu. Kiroba cha chumvi kikikaa chini hulia: huvuta unyevu kutoka ardhini, tako lake huloa, na kwa chini huwa na utelezi kama sabuni.

Mwalimu alirudi kwao mwaka jana. Aliacha vifaa na daftari moja la sheria, aliloliandika kwa mkono kwa Kiswahili chake cha adabu nyingi.

Uamuzi ulimwangukia Bi Kazija bila kuutafuta. Alikuwa akipita na kikapu chake cha chakula, watoto wamekabana mashati. Mmoja anasema ameudaka mpira hewani, wengine wanasema uligusa chini kwanza.

"Nikawaambia, mnapigania nini? Mpira ukigusa hapa unaacha kishimo. Nioneshe ulipodakia. Tukaenda, tukakuta kishimo kama cha kidole. Yule kijana akacheka mwenyewe. Kuanzia hapo kila Jumamosi, Bi Kazija njoo, Bi Kazija njoo."

Debora, nahodha wa Rasbura mwenye miaka kumi na tano, ndiye mtunza daftari la sheria. "Bi Kazija hajasoma sana," anasema, "lakini nikimsomea kitu mara moja, mwezi ujao ananikumbusha mimi."

Timu zikawa mbili. Rasbura, watoto wa mtaani, wavulana na wasichana pamoja, wanaocheza pekupeku. Na Nyota ya Chumvi, ambao kampuni iliwanunulia fulana za njano na raba nyeupe, nahodha wao akiwa Benedikto, mtoto wa msimamizi. Bwana Cletus hakukosa mechi hata moja. Watu wanasema alikuwa mtu mwingine kabisa akiwa pale, akipiga makofi mpaka kofia inaanguka.

Mwezi Septemba ikaja barua kutoka kwa Wajapani wa Dar es Salaam: mwanzoni mwa Desemba kutakuwa na mashindano ya vijana, na Lindi ina nafasi ya timu moja. Mechi ya kuamua ikapangwa Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa tisa alasiri.

Alasiri hiyo joto lilikuwa limelala juu ya jaruba kama mnyama. Mazigazi hayakutaka kuondoka. Kina mama wa Rasbura walikuja na kanga za kujifunika kichwa, kina baba wakakaa juu ya tuta. Wachezaji wa mbali walionekana wakielea, fulana za njano zikiyumba hewani kama ndimi za moto bila kuni. Sauti nazo zilichelewa. Gongo lilionekana likipiga, kisha mlio ukaja baadaye, umechoka.

Mpaka zamu ya mwisho Nyota walikuwa kumi na moja, Rasbura kumi. Rasbura ndio waliokuwa wakipiga. Kwenye kituo cha pili alisimama kijana Abilahi, mzito, mwenye mbio za fahali. Kwenye kituo cha kwanza alisimama Sada, miaka kumi na tatu, mwepesi, miguu mitupu.

Debora akaupiga mpira. Ukaenda mbali, ukayeyuka ndani ya mazigazi.

Abilahi akatimka. Alipofika kituo cha tatu alikikanyaga kwa nguvu zake zote, kiroba kikachomoka chini yake, kikateleza zaidi ya hatua mbili kuelekea nje. Yeye akaendelea mpaka nyumbani. Kumi na moja kwa kumi na moja. Nyuma yake akaja Sada, na kituo cha tatu hakipo kilipokuwa.

"Fuata kiroba!" wakapiga kelele kina mama upande wa kulia.

"Pita hapohapo! Pita!" wakajibu wa upande wa kushoto.

Sada akapita hapohapo. Akakimbia mpaka nyumbani, akaanguka kifudifudi, mdomo umejaa chumvi. Kumi na mbili.

Lakini mpira ulikuwa umerudi. Benedikto aliudaka, akaenda mpaka kiroba kilipolala, akapanda juu yake, akainua mkono.

"Hajakanyaga kituo! Bi Kazija, namshtaki, hajakanyaga! Kituo hiki hapa nimekisimamia!"

"Acha zako, Beni!" akafoka Abilahi. "Kituo kilikuwa kule. Hicho ni kiroba tu!"

"Kiroba tu? Sasa wewe ulikanyaga nini, biskuti?"

"Nyota gani nyie, hata mchana mnataka kung'aa kwa wizi!"

"Usilete za kuleta! Pekupeku wewe!"

Watu wakaanza kushuka kwenye tuta. Hapo ndipo Bi Kazija alipofanya jambo ambalo wengi hawakulielewa. Hakutoa uamuzi. Alipaza sauti, na sauti yake ni kubwa kwa mwili wake: "Asisogee mtu! Kila mmoja akae chini hapo alipo. Benedikto, shuka, kaa. Abilahi, kaa. Nitakayemwona anasogea, timu yake imefungwa."

Wakakaa. Watu mia mbili, wengine kwenye tuta, wengine katikati ya weupe, wamekaa kimya kama wanasubiri kupigwa picha.

Aliyebaki amesimama ni Bwana Cletus. Alitembea mpaka nyuma ya mwamuzi, akiwa na mwavuli.

"Bi Kazija, jambo hili mbona jepesi. Kiroba ni cha kampuni, chumvi iliyomo ni ya kampuni, jaruba la kampuni. Kilipo kiroba ndipo kituo kilipo. Binti hakukigusa. Turudie zamu."

"Nimekusikia, Bwana Cletus."

"Wewe ulimwona amekanyaga?"

Wote waliokuwa karibu wanakumbuka jibu, na wote wanasema lilitoka taratibu.

"Sikuona. Mazigazi yalimkata miguu. Niliona kichwa kinapita."

Kina mama wa Rasbura waliguna kama waliomwagiwa maji. Bwana Cletus alitabasamu.

"Basi kama hukuona, umekwisha sema." Kisha akashusha sauti, lakini chumvini sauti haina pa kujificha. "Na Jumatatu si mbali, mama. Kumbuka Jumatatu."

Bi Kazija alimwita Debora na daftari la Mwalimu Hayashi. Debora akasoma kwa sauti: mkimbiaji lazima akanyage kila kituo kwa zamu yake, ahsanteni sana. Akafunua ukurasa wa mbele, akarudi wa nyuma. Hakuna neno hata moja juu ya kituo kinachotoroka. Mwalimu alikuwa amefikiria viroba vya mchanga. Kiroba kinacholia hakukijua.

"Nilimwonea huruma," anasema Debora. "Alikuwa amesimama katikati ya weupe ule peke yake, kama mtu aliyesahauliwa na gari."

Huko kwenye tuta, Restuta alikuwa ameanza kucheka peke yake.

Inabidi turudi nyuma miaka kumi na miwili kuelewa kicheko hicho. Mwaka 1987 bamvua kubwa la bahari lilipanda usiku, likang'oa vigingi vya majaruba yote. Asubuhi Restuta alivikuta vigingi vyake vinne hatua arobaini kutoka jaruba lake, vimetulia katikati ya chumvi nzuri ya Mwanaidi, jirani yake, ambaye sasa ni marehemu.

"Mimi nikaanza kukwangua!" anasema Restuta, akijipiga paja. "Vigingi si vyangu? Vipo wapi? Hapa. Basi na chumvi yangu. Mwanaidi akanishika kilemba, tukapigana humo humo kwenye maji makali, macho yanawaka. Nilikuwa na tamaa, nisikudanganye. Na nilijua nina tamaa."

Mkutano wa ushirika uliitishwa hapohapo, watu wamesimama matopeni. Uamuzi wao haukuandikwa popote, lakini ukawa desturi ya mashamba yote mpaka yalipouzwa: kigingi kikihama, usikifuate. Rudi ukatafute shimo lake.

Bwana Cletus alikuja mwaka 1996. Shimo la kigingi hakuwahi kulitafuta, maana alipofika vigingi vilikwisha kung'olewa vyote na majaruba kuwa ya mtu mmoja.

Basi Bi Kazija alivua kandambili zake, akaziacha pale kituo cha nyumbani, akaanza kutembea kuelekea kituo cha tatu. Alikwenda kwa kuzunguka, kutokea nje, asivuruge kitu. Waliokuwa mbali wanasema walimwona anapungua: kwanza miguu ikapotea, kisha magoti, mpaka akabaki kanga yenye maua inayoelea juu ya ziwa lisilokuwepo. Kisha kanga ikachuchumaa.

Hapo chini palikuwa na doa jeusi, ukubwa wa sinia. Kiroba kilikuwa kimekaa mahali hapo tangu saa mbili asubuhi kikivuta unyevu, na kilipochomoka kiliacha alama yake mbichi. Katikati ya doa, kama muhuri juu ya stempu, palikuwa na unyayo mmoja. Mdogo. Vidole vitano vimezama, kisigino hakikugusa. Unyayo wa mtu anayekimbia.

"Benedikto, Leonadi, Abilahi, njooni," aliita. "Piteni nilikopita mimi."

Leonadi ndiye aliyekuwa mlinzi wa kituo cha tatu wa Nyota. Watatu wakaja, wakachuchumaa.

"Hii nini?"

"Unyayo," akasema Leonadi.

"Lakini labda wa tangu zamani," Benedikto akawahi. "Watu wamepita hapa toka asubuhi, Bi Kazija."

"Toka asubuhi hapa pamekaliwa na kiroba, baba. Mguu ungepitaje chini ya kiroba?"

Benedikto akafikiri. Ni kijana mwenye akili, na hata Rasbura wanalikubali hilo. "Basi wa sasa hivi. Katika zile vurugu."

"Katika vurugu nani alikuwa hapa karibu?"

"Mimi," akasema Leonadi. "Peke yangu. Halafu ukatukalisha."

"Inua mguu."

Leonadi akainua mguu. Raba nyeupe ya kampuni, soli yenye mistari kama ya tairi. Wakatazamana. Abilahi alikuwa amekanyaga juu ya kiroba, si ardhi, na mguu wake ungelijaza doa lote. Bi Kazija akamwita Sada, akamwambia aweke mguu pembeni ya ule unyayo, asiuguse. Sada bado alikuwa anatema chumvi. Akauweka.

Debora anasema alisikia chumvi ikitatarika kwa jua.

Aliyetangulia kuinuka ni Benedikto. "Ni wake," alisema. Kisha akageuka kule mwavuli ulikokuwa. "Baba, ni wake. Amekanyaga."

Bi Kazija akasimama, akatembea mpaka watu wote wamwone mzima, na miguu yake.

"Kiroba kilihama," alisema. "Kituo hakikuhama. Kipo hapa kilipokuwa tangu asubuhi, na Sada amekikanyaga. Rasbura kumi na mbili, Nyota kumi na moja. Mechi imekwisha. Alhamdulillahi, mkanywe maji."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Bwana Cletus alisoma majina arobaini na sita. La Kazija Tawakali halikuwemo. Jumanne halikuwemo.

Alikwenda siku kumi na moja mfululizo. Alisimama mstarini, akasikiliza mpaka jina la mwisho, akarudi Rasbura. Suleiman alimwambia abaki nyumbani, aibu ya nini. "Nikamwambia, aibu si yangu," anasema. "Mimi nakwenda kumsikiliza anavyoliruka jina langu. Nataka kila siku aliruke akiwa ananiona." Kwa siku hizo kumi na moja Restuta na wenzake walitenga gunia moja kila siku kwa jina lake, na hilo ndilo lililopika chakula cha nyumba ile.

Siku ya tisa wakakwangua jaruba namba tatu kwa kufuata kipimo cha kioo. Ikatoka chumvi ya kijivu, magunia mia na arobaini, mnunuzi akaikataa getini. Siku ya kumi na mbili jina la Kazija Tawakali lilisomwa, la kwanza kabisa, kwa sauti ndogo. Akaingia. Hakuna aliyepiga vigelegele. Restuta anasema walivimeza tu.

Bwana Cletus hakukataa kuongea na gazeti hili. Alikuwa ofisini, mbele ya simu, amechoka.

"Mimi nami natumwa," alisema. "Dar wananipigia kuuliza magunia, hawaniulizi besiboli. Niliudhika, ni kweli. Mwanangu alinipinga mbele za watu. Lakini nimemrudisha mama yule, sivyo? Sasa na yeye asinitafute tena."

Ila Bi Kazija anamtafuta, na kwa makusudi. Barua ya Wajapani inataka kila timu ifike na mwamuzi wake, na Rasbura wamemtaja mmoja tu. Safari ni ya tarehe mbili Desemba, siku mbili ndani ya basi kama pantoni la Rufiji halijaharibika. Wiki hiyohiyo ndiyo ya ukwanguaji wa mwisho kabla ya mvua, wiki ambayo kampuni haiwezi kumkosa. Ijumaa iliyopita Bi Kazija alikwenda mwenyewe ofisini kumwambia.

"Akaniambia, ukienda, usirudi. Safari hii jina nalifuta kwa wino. Nikamwambia nimesikia, kaka yangu. Nikampa mkono, akaupokea."

Anakwenda. Wenyeji wa Rasbura wamechangishana nauli yake. Akirudi, zitakuwa mvua, ambazo hazina kazi kwa mtu yeyote. Na mvua zikiisha, yeye, Restuta na wenzao watano wanataka kuchimba majaruba yao wenyewe upande wa pili wa mkono wa bahari, kwenye tambarare isiyo na mwenyewe. Wameandika barua serikali ya mtaa, wakapewa jibu la mdomo kwamba wasubiri, kuna mwekezaji ameiulizia. Hao wawekezaji huulizia vitu haraka sana. Wanawake hao saba wameandika barua ya pili, na nakala itakwenda Dar es Salaam ndani ya pochi ya mwamuzi, kwa yeyote mwenye muhuri atakayekubali kuisoma.

"Na nataka nione uwanja wa majani," anasema Bi Kazija, na macho yake yanakwenda mbali kidogo. "Mwalimu alituonyesha picha. Kijani mwanzo hadi mwisho, kama shamba la mpunga lililonyolewa. Najiuliza, mwamuzi wa huko siku asipoona, anamuuliza nani? Nyasi zinainuka, zinasahau. Nitawauliza wanifundishe."

Jioni, baada ya kutoka jarubani, nyumbani kwa Bi Kazija, Stephano, mtoto wa Restuta, anamjazia fomu ya safari, kwa kuwa basi la kesho asubuhi ndilo litakaloipeleka. Jina, ameandika. Umri, ameandika. Penye nafasi ya kazi anaandika "kibarua", kama ilivyo kwenye daftari la kampuni.

"Soma ulichoandika hapo," Bi Kazija anamwambia.

Stephano anasoma.

"Futa. Andika mkwangua chumvi, miaka ishirini na moja." Anasubiri kalamu imalize. "Haya, weka na mwamuzi."

"Nafasi imejaa, mama."

"Geuza karatasi, baba. Endelea nyuma."